"Ndoo" ya Lamu si ndoo ya maji

Mwenzangu unayeandika riwaya hapa Lamu, kabla hujaupeleka mswada kwa mchapishaji Nairobi, tafuta mtu asiye wa Pwani umsomee kwa sauti. Usimpe asome mwenyewe. Msomee, umtazame uso. Mimi nilikaa barazani baada ya alasiri na mwalimu mmoja wa bara, nikafika pale bibi anapomwita mjukuu, "Ndoo hapa!" Mwalimu akauliza, ndoo ya nini? Alikuwa anatafuta maji. Miaka miwili naipitia sura ile na sikuwahi kuliona hilo, maana kwangu ni "njoo" tu, kama "ndia" ilivyo njia.

Sikukifuta Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Nilikiacha midomoni mwa wahusika, msimulizi nikampa Kiswahili sanifu, na penye utata nikaongeza kitendo: bibi ananyoosha mkono, mtoto anasogea. Faharasa nyuma ya kitabu siipendi, inamkatiza msomaji.

Na uwe na penseli. Ulimi ukikwama kwenye sentensi, itie alama uendelee. Ukianza kurekebisha hapo hapo, mwenzio atachoka aanze kutazama punda wanaopita.