Somo: Kumwajiri mhudumu wa mgonjwa nyumbani, na kumkagua

Wanakikundi, habari za asubuhi. Simu ninazopigiwa hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone, huwa na ombi moja: "Sista, nitafutie dada mwenye huruma amwangalie mama." Huruma naitaka na mimi, ila huruma peke yake haimgeuzi aliyepooza saa tisa usiku. Kinachomgeuza ni utaratibu ulioandikwa, na mtu wa kuukagua. Somo hili ni la familia yenye mtu mzima asiyejimudu, awe ni wa kiharusi, wa nyonga iliyovunjika au uzee tu, na inataka kuweka mtu wa kumhudumia.

Hatua ya 1: Andikeni kazi kabla ya kutafuta mtu

Kaeni na mgonjwa mwenyewe, kama anaongea. Anaweza kufanya nini bila msaada? Anapenda kuogeshwa saa ngapi, na nani? Anaswali vipi akiwa kitandani? Watoto wengi huamua yote sebuleni, na mzee yuko chumbani anasikia.

Kisha tenganisheni kazi. Kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadili pampasi, kumtembeza: hizo ni za mhudumu aliyefundishwa. Kuweka mpira wa mkojo au mpira wa kulishia, kuchoma sindano ya mshipa, kusafisha kidonda kirefu: hizo ni za muuguzi. Anayesema yeye ni nesi aonyeshe leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sare nyeupe hata fundi wa mtaani anashona.

Hatua ya 2: Mjaribuni kwa beseni

Maswali ya usaili kila mtu anayajibu vizuri. Mpe beseni, sabuni, taulo mbili na kanga mbili, mlipe siku hiyo, halafu kaa pembeni utazame. Amenawa kabla ya kumgusa mgonjwa? Amemwambia anachotaka kufanya, au amemvua tu? Maji ameyapima kwa kiwiko? Mwenye kisukari au kiharusi anaweza kuungua asihisi. Anafunua sehemu moja huku nyingine imestiriwa kwa kanga? Anaanzia usoni na kumalizia sehemu za siri, kwa kitambaa kingine? Kwa mwanamke, anafuta kutoka mbele kwenda nyuma? Nusu saa hiyo inatosha kumjua.

Hatua ya 3: Ngozi

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo majumba mengi yanapoharibikiwa. Kidonda cha kulala huanza pale mfupa unapobana nyama juu ya godoro na damu ikashindwa kupita: juu ya makalio, visigino, nyonga, viwiko, mabega, hata kisogo. Kikishachimbika, kinaweza kuchukua miezi kufunga.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ili mtu asisahau, mimi hufundisha saa za witiri: moja, tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja, mchana na usiku. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Ubavu usiwe wima kabisa. Mlaze kwa mshazari, mto mgongoni, mto mwingine katikati ya magoti. Visigino vielee: weka mto chini ya mashavu ya miguu mpaka kisigino kisiguse godoro. Na msimburute. Tandika shuka lililokunjwa chini ya kiuno na mabega, watu wawili mmnyanyue nalo, kwa sababu kumburuta kunachuna ngozi.

Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu unajificha. Tafuta baka lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, kisha liguse kwa mgongo wa kiganja. Likiwa la moto, gumu au tepetepe, hilo ni onyo. Msilichue wala msilipake spiriti. Ondoeni uzito hapo, na kama halijapungua, mwiteni muuguzi.

Jambo moja la kwetu pwani: joto la kaskazi. Watu hutandika nailoni kuokoa godoro, mzee analala juu ya jasho lake mpaka ngozi inalainika kama ya mfuaji. Nailoni ikae chini, juu yake shuka la pamba, na likilowa libadilishwe saa ile ile.

Hatua ya 4: Kula na dawa

Hakuna kumlisha mtu aliyelala. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na cha pili kingoje cha kwanza kimemezwa. Baada ya kula abaki amekaa kama nusu saa. Mgonjwa wa kiharusi akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acheni na mpelekeni akapimwe namna anavyomeza. Chakula kinaingia mapafuni. Samaki chambueni kwa mkono, msiamini macho.

Dawa zetu huja kwenye bahasha ndogo, "1x2" kwa kalamu ya wino, na baada ya wiki moja kwenye jasho la mkoba wino umefutika. Siku ile ile zikifika, nakilini kwenye daftari: jina la dawa, ya nini, kiasi, saa. Ukutani bandikeni orodha hiyo. Pamoja nazo andikeni dawa za mizizi anazopewa. Daktari anahitaji kuzijua. Msisage kidonge bila kuuliza mfamasia, vipo vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, ukivisaga dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Chumba na bafu

Taa ya usiku, mkeka uondolewe njiani, kandambili zinazoteleza zitupwe, chuma cha kushikia karibu na choo, kiti cha plastiki kisichoteleza cha kuogea. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama mvua inanyesha. Hewa yake inaua bila harufu.

Hatua ya 6: Daftari na saa za kazi

Daftari la kurasa mia linatosha. Mistari mizuri inakuwa hivi: "Saa 5, ubavu wa kushoto. Uji nusu kikombe, amekataa uliobaki. Mkojo umekoza. Kisigino cha kulia kina baka, nimekiinua kwa mto." Mistari mibaya ni ile ya "kala vizuri, kalala vizuri" kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa kalamu moja na mwandiko usioyumba. Hiyo imeandikwa mara moja, saa moja usiku. Mkaguzi awe mtoto mmoja tu aliyeteuliwa, na asikague daftari peke yake: afunue shuka aone visigino.

Mhudumu naye ana mwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayegeuza usiku kucha kisha akapika, akafua na kupeleka watoto shule atamwangusha mgonjwa siku moja, na kosa litakuwa lenu. Wekeni mkataba wa maandishi. Kadi ya benki ya mzee na namba yake ya siri asipewe mhudumu. Pesa ya matumizi iwe ndogo, kwa risiti.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Makorora: Shikamoo sista. Baba hataki kuogeshwa na mwanamke, na kaka zangu wote wako Dar. Tumlazimishe?

*Marahaba mwanangu. Msimlazimishe. Tafuteni mwanaume aje asubuhi kwa kuogesha tu. Kazi ya saa moja wapo vijana wa kuifanya wakifundishwa. Sehemu anazofika mwenyewe mpeni kitambaa ajisafishe, mumpe kisogo. Mkimshika kwa nguvu ataanza kuficha hata kidonda.*

Kaka wa Pongwe: Mama ana kisukari. Juzi dada alimchoma insulini, kabla chai haijawa tayari mama akaanza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Ni sindano mbovu?

*Sindano ilikuwa nzima, kaka, ila chakula kilichelewa na sukari ikashuka. Kama yuko macho na anameza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime sukari baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) rudia, ikipanda mpe chakula. Akizimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali ya Bombo. Kuanzia leo chakula kiwe mezani ndipo sindano itoke. Na sindano zilizotumika ziingie kwenye galoni gumu lenye kifuniko, si kwenye mfuko wa taka.*

Mama wa Muheza: Sisi hatuna friji. Hiyo insulini tunaiweka kisimani kwenye ndoo, inafaa?

*Ndoo ikizama dawa imekwisha. Tumieni vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Chupa iwe kwenye mfuko usioingiza maji.*

Dada wa Mikanjuni: Tumemkalisha bibi kwenye tairi la hewa ili makalio yasiguse. Mbona baka linazidi?

*Toeni hilo tairi leo. Pete yake inabana ngozi pande zote na damu haifiki katikati. Mto wa sponji nene, na asikae zaidi ya saa moja bila kunyanyuliwa.*

Kaka wa Chumbageni: Nimeweka kamera chumbani kwa mzee bila kumwambia dada. Kuna ubaya?

*Je, mzee mwenyewe umemwambia? Anavuliwa nguo humo. Iondoe, au iwe sebuleni na wote wajue. Ukiwa na shaka na dada, fika bila taarifa saa tisa alasiri, uliza amelala ubavu gani, kisha fungua daftari. Ukikuta alama za kupigwa au mzee ananyamaza dada akiingia, mtoe dada kazini siku hiyo hiyo na umwone afisa ustawi wa jamii wa kata yenu.*