Usiishie kuwahesabu mbawakawa wa mavi, pima na kazi yao

Mwaka wangu wa kwanza kuwachunguza hawa wadudu nilitega mitego kumi, mita tano tano, nikashangilia kuona yote imejaa. Kumbe ilikuwa inanyang'anyana wadudu wale wale, maana harufu ya chambo haijui mpaka. Siku hizi naacha angalau mita 50 kati ya mtego na mtego.

Mtego wenyewe ni kopo la plastiki lenye mdomo mpana kama kiganja. Lizike hadi ukingo ulingane na udongo. Ukitokeza hata kidogo, mdudu atauzunguka aende zake. Tia maji ya chumvi na matone ya sabuni isiyo na manukato, ili atakayeanguka azame. Chambo, gramu 50 hivi, kifunge kwenye shashi ukining'inize kijitini juu ya kopo. Kisha kiezekee kwa sahani au jani pana. Mvua ya tropiki haipigi hodi: niliwahi kukuta makopo yamefurika na mavuno ya usiku mzima yametapakaa matopeni.

Chambo gani? Hapa wengi huona haya. Kinyesi cha mnyama anayekula kila kitu, nguruwe au binadamu, mara nyingi huvuta wadudu wengi zaidi kuliko cha ng'ombe. Vaa glavu, nawa mikono, usijali watakaocheka. La msingi ni kila mtego upate chambo cha aina moja, kibichi, kipimo kimoja. Kagua asubuhi na jioni, kwa kuwa wanaoruka usiku si wale wa mchana.

Majina ya kisayansi yatakuja baadaye. Kwanza tazama miguu. Wenye miguu ya nyuma mirefu na myembamba ndio wanaobingirisha donge na kulizika mbali. Wenye miguu ya mbele minene yenye meno huchimba papo hapo chini ya mavi. Wadogo wengine huishi humo humo ndani. Hifadhi wachache kwenye spiriti ya asilimia 70, na lebo iandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka, nami nina chupa za wadudu wasio na kwao kama ushahidi.

Lakini orodha ya wadudu haikuambii wanafanya nini. Mavi yakizikwa, rutuba hurudi ardhini, udongo hupata hewa, nzi hukosa pa kutagia, na mbegu alizomeza nyani au ndege hufichwa mbali na panya. Hili la mbegu unaweza kulipima mwenyewe. Changanya gramu 200 za mavi na shanga za plastiki za ukubwa tofauti badala ya mbegu, tuseme shanga 20, kisha weka rundo kwenye ardhi uliyoifagia majani. Kesho yake pima mavi yaliyobaki, hesabu shanga zilizo juu, halafu chimba taratibu ukifuata vishimo na upime kina cha kila shanga. Shanga kubwa ndizo za kuangalia sana: huzikwa zaidi na mbawakawa wakubwa, na hao ndio aghalabu hutoweka kwanza msitu ukikatwa.

Kando yake weka rundo jingine lililofunikwa kwa wavu mwembamba usiopitisha mdudu. Mimi niliwahi kuliruka hilo, nikawapa mbawakawa sifa ya kazi iliyofanywa na jua: mavi yalikuwa yamekauka tu, uzito ukapungua. Nilifuta kurasa nzima za daftari.

Ukitumia mavi ya mifugo, muulize mwenye mifugo kama aliwapa dawa ya minyoo karibuni. Ivermectin, mojawapo ya dawa hizo, hutoka na kinyesi na kuwaua mabuu, kwa hiyo rundo linaweza kuvuta wadudu wazima vizuri kabisa leo, na kizazi chao kisitoke humo.