Brisca kwa pakiti ya karata za dukani

Brisca ni mchezo wa zamani wa Uhispania, na kwa aliyezoea kadi za kijiweni Kisumu kitu kigumu ni kusahau. Hapa hakuna kutangaza "niko kadi" ukikaribia kumaliza, K harudishi mtu nyuma, wala 2 haimwokoteshi yeyote. Mnashindania pointi.

Karata za Kihispania ziko 40. Pakiti ya kawaida ina 52, kwa hiyo ondoa jokeri, kisha 8 zote, 9 zote na 10 zote. Kosa la kwanza hutokea hapo: mtu anatoa 2 na 3 akidhani ni takataka, kumbe 3 ndiyo ya pili kwa ukubwa. J, Q na K zinasimama badala ya kijana, farasi na mfalme wa Wahispania. Aina zenyewe hazina shida, kwani majina shupaza, kopa, uru na pau tuliyapata kwa Wareno, majirani wa Wahispania, na yanaoana na zao: espadas, copas, oros, bastos.

Nguvu inashuka hivi: A, 3, K, Q, J, 7, 6, 5, 4, 2. A ina pointi 11, 3 ina 10, K 4, Q 3, J 2. Zilizobaki ni sufuri. Kila aina ina 30, jumla 120, na mwenye 61 ameshinda.

Changa, mwenzako akate, gawa tatu tatu kuanzia kulia kwako. Karata inayofuata ifunue uiweke mezani: aina yake ndiyo turufu. Rundo lililobaki lilalie juu yake kwa kukingama, turufu ichungulie nusu. Mkicheza nje jioni, upepo wa ziwa ukivuma, wekeni kijiwe juu ya rundo. Karata moja ikifunuka kabla ya wakati, mchezo umeharibika.

Aliye kulia kwa mgawaji anaanza, na zamu zinaendelea kuelekea kulia. Tupa karata yoyote. Hulazimiki kufuata aina iliyoanzishwa, hata ukiwa nayo. Turufu kubwa ndiyo inayokula; kama hakuna turufu, inakula kubwa ya aina iliyoanza. Tuseme turufu ni pau na mko wanne. Wa kwanza anatupa 6 ya uru, wa pili 3 ya uru, wa tatu A ya shupaza, wa nne 4 ya pau. Ile 4 inazoa zote, pointi 21. A ya shupaza haikuwa na kauli pale, kwa sababu si uru wala si turufu.

Aliyekula anavuta kwanza kutoka kwenye rundo, wengine wanafuata kwa zamu, kisha yeye ndiye anayeanzisha. Msipofuata mpangilio huu, karata ya turufu iliyo chini kabisa itaangukia mtu asiyestahili. Mkiwa wawili mtavuta mara 17, halafu mtamalizia raundi tatu bila rundo. Mtu akibaki na mbili wakati mwenzake ana tatu, alisahau kuvuta.

Wengi huruhusu mwenye 7 ya turufu, akishakula raundi, kuibadilisha na turufu iliyofunuliwa ikiwa ni A, 3 au yenye picha. Kubalianeni kabla ya kugawa, maana ugomvi mwingi huzuka hapo.

Wachezaji watatu? Ondoeni 2 moja zibaki 39. Wanne hucheza wawili wawili, wenzi wakikaa ana kwa ana na kuweka pointi pamoja. Nao ndio mchezo mtamu zaidi, kwa sababu ukiona mwenzi wako anakula, unamrushia A au 3 yako aende nayo.

Usianzishe kwa A wala 3 mapema. Anzisha kwa 4 au 5 isiyo turufu. Turufu ndogo usizimalize kwa kula sufuri, zingojee 3 ya mtu. Na hesabu turufu zinazopita: ziko 10 tu, na rundo likiisha, anayejua ngapi zimebaki anajua pia kama A yake itafika nyumbani.

Mkitoka 60 kwa 60 hakuna aliyeshinda. Changeni tena, agawe aliye kulia.