Kuni za maranda: kuendesha mashine ya skrubu yenye hita

Naongelea mashine ambayo skrubu yake husukuma maranda ndani ya bomba lenye hita, ikatoa kuni ndefu zenye tundu katikati. Haihitaji wanga wala udongo wa kugandishia, kwa sababu joto na mgandamizo hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo kwenye mti, nayo ikipoa hushika. Palipo na viwanda vya mbao, kama Mafinga mkoani Iringa, maranda ya paina ni malighafi nzuri.

1. Chekecha. Ondoa magamba, vipande na mawe. Misumari itoe kwa sumaku. Hata ya spika mbovu inafaa.

2. Kausha. Hapa usiwe na haraka. Unyevu uwe asilimia 8 hadi 12, na maranda mabichi yanaweza kufika 50. Anika juu ya turubai, uyageuze mara kwa mara. Kupima si kazi: chukua gramu 100, kaanga kwa moto mdogo bila kuunguza hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 90, unyevu ulikuwa asilimia 10. Ukilisha maranda mabichi, mvuke hukosa njia na kuni hufyatuka mdomoni mwa mashine kama risasi. Asisimame mtu mbele ya bomba, hata bosi.

3. Pasha. Hita kwanza, mota baadaye. Ikifika nyuzi 280 hadi 300 za Selsiasi, washa mota izunguke tupu, ndipo ulishe kidogo kidogo. Vaa barakoa, na sigara marufuku: vumbi la mbao hewani hulipuka.

4. Tazama rangi. Kahawia iliyokoza yenye kung'aa, endelea. Nyeusi na moshi mzito, punguza joto. Zikimomonyoka, ongeza joto au rudi hatua ya 2.

5. Zima. Acha kulisha, skrubu isukume yaliyobaki, zima mota, hita mwisho. Pakinasa, usigonge kwa nyundo. Mota ikiwa imezimwa, acha hita iunguze kilichonasa hadi kilegee.

Panga kuni zikishapoa kabisa, pakavu, maana zikilowa hurudi kuwa vumbi.

Na pumba za mpunga? Zinawezekana, ila majivu yake ni kama asilimia 20, karibu yote silika, yaani madini magumu kama ya mchanga, na silika hula ncha ya skrubu kama tupa. Mimi huzichanganya na maranda. Uwe na skrubu mbili: moja kazini, nyingine kwa fundi wa kuchomelea, ncha yake iliyolika ikijazwa kwa elektrodi ngumu (vijiti vya kuchomelea vinavyoacha chuma kigumu).