Somo: Kufuatilia mwangaza wa shimo jeusi linalokula

Wadau, shimo jeusi lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa: husuguana, huchemka, hung'aa. Mng'ao huo hupanda na kushuka, na hapo ndipo penye somo.

1. Chagua kwasari (kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa sana kwa sababu shimo jeusi lake linakula) yenye magnitudo, yaani kipimo cha mwangaza, kati ya 16 na 18, kisha pakua vipimo vyake vya Zwicky Transient Facility, mradi wa darubini wa California. Wanapiga picha anga la kaskazini tangu 2018, na data ni bure.

2. Tenganisha vichujio vya rangi. Kijani peke yake, chekundu peke yake. Mimi mara ya kwanza nilivichanganya, nikaona mwangaza unarukaruka kila baada ya siku chache, nikatangaza nimepata mlipuko. Kumbe nilikuwa naruka kutoka rangi moja kwenda nyingine.

3. Kwenye safu ya catflags, yaani alama za dosari za kila kipimo, bakiza vipimo vyenye 0.

4. Chora magnitudo dhidi ya tarehe, mhimili wa wima ukiwa umegeuzwa, maana namba ndogo ndiyo mwanga mkubwa. Chini yake chora nyota ya jirani. Vikishuka vyote usiku uleule, ni wingu au kamera, si shimo.

5. Usikimbilie kutafuta mzunguko. Kubadilika huku ni kwa kubahatisha, na bahati nasibu ikipanda na kushuka mara mbili tatu hufanana kabisa na saa. Pima badala yake tofauti ya mwangaza kati ya kila jozi ya siku: kwa kawaida jozi zilizoachana zaidi hutofautiana zaidi.

Mwalimu, mabadiliko yanasema nini kuhusu ukubwa?
Kitu kikibadilika chote ndani ya siku moja, hakiwezi kuzidi sana umbali ambao mwanga husafiri kwa siku, takriban kilomita bilioni 26.

Na uzito je?
Hapo unahitaji spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake. Katikati pakiwaka, mawingu ya gesi ya mbali huitikia baadaye. Kwenye galaksi ya NGC 5548 mwangwi wa haidrojeni umewahi kuchelewa siku 20 hivi. Ucheleweshaji unakupa umbali, upana wa mstari wa haidrojeni kwenye spektra unakupa kasi ya gesi. Kasi mara kasi mara umbali, gawa kwa G, namba isiyobadilika ya uvutano, kisha zidisha kwa kigezo cha umbo la mawingu, ambacho ndicho kinachotusumbua.

Mkuu, shimo la galaksi yetu naweza kulipima hivihivi?
Hapana. Sagittarius A* lina uzito wa majua milioni 4 lakini linakula kiduchu, na vumbi limeziba mwanga wa kawaida. Michomozo yake hunaswa kwa infraredi na eksirei.