Asubuhi ya wateja, mchana wa msimbo
Ukiwa unaunda programu peke yako hapa Kampala, tenga saa mbili za asubuhi kwa ajili ya kutafuta wateja kabla hujaufungua msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, kwa sababu ukishauanza hautakuachia nafasi hadi usiku. Ikiwa programu yako ni ya kutunza hesabu za duka, nenda kwenye maduka ya Kikuubo au soko la Owino, umwombe mwenye duka aitumie mbele yako huku umenyamaza, kisha uandike maneno yale yale anayoyatumia kueleza shida yake, ambayo kwa kawaida ni madeni ya wateja, wala si michoro ya ripoti. Maneno hayo ndiyo tangazo lako la WhatsApp, na pale alipokwama ndipo pa kurekebisha mchana huohuo. Kipengele kipya ambacho hakijaombwa na mteja hata mmoja, nakusihi ukiache kisubiri.