Bondi Kovalenti: Polari au Si Polari? Hatua kwa Hatua

Wanafunzi wengi wa kidato cha pili huku Nakuru hawana shida kutoa 2.20 kwenye 3.44 (namba hizi zinaelezwa Hatua ya 2). Kinachowaangusha ni kuchanganya maswali mawili: je, bondi ni polari, yaani elektroni zake zimevutwa zaidi upande mmoja? Na je, molekuli ni polari, yaani upande wake mmoja una chaji hasi kidogo na mwingine chanya kidogo? Jibu la kwanza halikupi la pili.

Hatua ya 1. Hakikisha ni bondi kovalenti, yaani atomu zinachangia elektroni. Mara nyingi zote huwa si metali.

Hatua ya 2. Tafuta elektronegativiti, nguvu ya atomu kuvutia upande wake elektroni za bondi. Kwa kipimo cha Pauling: haidrojeni 2.20, kaboni 2.55, klorini 3.16, oksijeni 3.44, florini 3.98.

Hatua ya 3. Toa. Tofauti ikiwa chini ya 0.5 hivi, bondi si polari (C–H ni 0.35). Kutoka hapo hadi karibu 1.7 ni polari (O–H ni 1.24). Usiishike mipaka hii kama sheria: H–F ina 1.78 na bado ni kovalenti, polari sana. Katika O–H, weka δ+ (chaji chanya kidogo) kwenye haidrojeni na δ– (chaji hasi kidogo) kwenye oksijeni. Ukiweka + na – kamili umechora ioni (chembe zenye chaji kamili), na mtahini atakukata alama.

Hatua ya 4. Chora umbo. Hapa usiharakishe. Katika CO₂ kila bondi ni polari, tofauti 0.89, lakini molekuli imenyooka, 180°. Mivuto miwili inapingana kama timu mbili za nguvu sawa kwenye kamba, kwa hiyo molekuli si polari. Maji yamepinda, 104.5°, na mivuto yake haifutani. CCl₄ ina bondi nne za polari zilizopangwa kwa ulinganifu, nayo si polari. Badilisha klorini moja tu kwa haidrojeni upate CHCl₃: ulinganifu umevunjika, sasa ni polari.

Maswali yaliyoulizwa

*Mwalimu, mbona mafuta taa hurudi juu ya maji hata nikitikisa chupa?*

Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa nguvu, δ+ ya moja kwa δ– ya nyingine. Mafuta taa ni kaboni na haidrojeni, hayana cha kushikwa. Yanakaa juu kwa sababu ni mepesi kuliko maji.

*Kwetu Molo tunalima pareto. Sumu yake ina oksijeni, mbona haiyeyuki majini?*

Swali zuri sana. Pairethrini I, mojawapo ya sumu za pareto zinazoua wadudu, ni C₂₁H₂₈O₃: oksijeni 3 kwa kaboni 21, na hakuna O–H hata moja. Bondi za C=O ni polari kweli, ila sehemu kubwa ya molekuli inafanana na mafuta, ndiyo maana inayeyuka kwenye mafuta taa.

*Molekuli inaweza kuwa polari bila tofauti yoyote ya elektronegativiti?*

Ndiyo. Ozoni, O₃, ni oksijeni tupu, lakini imepinda, na atomu ya katikati ina upungufu kidogo wa elektroni kuliko zile za pembeni. Hatua ya 3 ingekupa sifuri. Umbo na mgawanyo wa elektroni ndivyo vinavyoamua.